Sura ya Tisa: Mionzi Kwenye Kovu la Moyo

Kwa miongo mingi wataalamu wa tiba ya mionzi walifundishwa kuuepuka moyo. Mgonjwa wa saratani ya titi la kushoto, kwa mfano, huweza kutakiwa avute pumzi ndefu na kuizuia kifuani kwa sekunde kadhaa, ili mapafu yaliyojaa hewa yausogeze moyo mbali na njia ya miale, kwa sababu mionzi inayopenya moyoni huweza, baada ya miaka kumi au ishirini, kuisinyaza mishipa inayoulisha moyo, kukaza vali zake na kuufanya mnene utando unaouzunguka. Tiba inayoelezwa katika sura hii inakwenda kinyume kabisa na mafunzo hayo: inauelekezea moyo miale ileile, tena kwa dozi kubwa inayotolewa mara moja tu, ikilenga sehemu ndogo ya msuli ambako mapigo yanayoua huanzia.

Kwa mkazi wa katikati ya jiji la Dar es Salaam jambo hili haliko mbali kama linavyosikika. Anayetoka Kariakoo kwa miguu, akavuka Barabara ya Morogoro pale Fire na kuifuata Barabara ya Umoja wa Mataifa, hufika Upanga, kwenye viwanja vya Muhimbili, ilipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambayo watu wengi huiita JKCI na ambayo ilianza kujitegemea mwaka 2015. Kilomita chache mashariki yake, kando ya barabara ya ufukweni ambayo sasa ina jina la Barack Obama, ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road, ndani ya eneo la hospitali iliyojengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897, miaka miwili tu baada ya Wilhelm Röntgen kugundua eksirei huko Ujerumani. Taasisi ya kwanza inashughulika na moyo, ya pili inashughulika na mionzi, na tiba inayozungumzwa hapa haiwezekani mahali popote duniani mpaka wataalamu wa fani hizo mbili wakae meza moja. Msomaji akiishika hoja hiyo mapema, mambo mengi yatakayofuata yatakuwa mepesi kwake.

Moyo una mfumo wake wa umeme. Kila pigo huanzia kwenye fundo dogo la seli lililo katika chumba cha juu cha kulia, likasambaa katika vyumba vya juu, likacheleweshwa kidogo katikati, kisha likashuka kwa kasi kupitia nyuzi maalumu hadi kwenye vyumba viwili vya chini, yaani ventrikali, ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu kwenda mapafuni na mwilini. Kwa mtu mzima aliyetulia, kazi hiyo hurudiwa kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Ventrikali zikianza kujiendesha zenyewe kwa kasi, pengine mara 150 au 200 na zaidi kwa dakika, bila kungoja amri kutoka juu, hali hiyo huitwa takikadia ya ventrikali. Mgonjwa huhisi moyo ukimwenda mbio, kizunguzungu, macho kuingia giza, na wakati mwingine huanguka bila kuhisi lolote kabla. Mbio hizo zikivurugika zaidi, msuli huacha kusukuma na kubaki ukitetemeka tu, na hapo ndipo panapotajwa mpapatiko wa ventrikali, hali inayoua kwa dakika chache.

Chanzo kikubwa cha takikadia ya aina hii ni kovu. Sehemu ya msuli wa moyo iliyokufa kwa kukosa damu, au iliyoharibiwa na ugonjwa mwingine, hugeuka kuwa nyuzi ngumu zisizopitisha umeme. Lakini kovu hilo mara nyingi si kavu lote, kwani ndani yake hubaki vichochoro vya seli hai zinazopitisha umeme polepole. Wimbi la umeme linaloingia humo huweza kufanana na mgeni wa Kariakoo aliyepenya uchochoro mwembamba kati ya maduka, akalizunguka jengo zima na kujikuta tena pale alipoingilia, isipokuwa kwamba wimbi halichoki wala haliulizi njia, na kila mzunguko wake mmoja ni pigo moja la moyo. Madaktari wakiuziba uchochoro huo, au wakiufanya usiwe na kasi tofauti na mitaa ya jirani, mzunguko hukatika.

Inapasa kueleza hapa mtu anapoanguka ghafla mjini hutokea nini, kwa sababu tiba yoyote ya kitaalamu inasimama juu ya dakika hizo. Mtu akianguka Mtaa wa Kongo saa sita mchana, kati ya meza za nguo na mikokoteni ya mizigo, watu humzunguka upesi. Mmoja hulegeza kola na mkanda, mwingine humpepea kwa kipande cha boksi, wa tatu huagiza maji ya glukosi, na kauli inayosikika zaidi ni kwamba presha imempanda. Nia ni njema, na mara nyingi mtu huyo amezimia tu kwa joto au njaa na atainuka mwenyewe. Lakini ikiwa ventrikali zake zimeingia katika mpapatiko, kila dakika inayopita bila kushtuliwa kwa umeme hupunguza uwezekano wake wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10, na kinachoweza kumsaidia katika muda huo ni mikono ya mtu anayejua kukandamiza kifua kwa nguvu na kwa mfululizo, wala si maji ya glukosi. Mpaka bajaji ijipenyeze kutoka hapo hadi Mnazi Mmoja au Muhimbili, hesabu hiyo huwa imekwisha. Wanaopona na kufika kwenye kliniki za moyo ni wale ambao mbio zilisimama zenyewe, au zilikuwa za aina inayoruhusu damu kidogo kuendelea kwenda kichwani.

Waliobahatika hivyo hutibiwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni dawa, hasa zile zinazopunguza kasi ya moyo pamoja na amiodaroni, dawa yenye nguvu ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kudhuru tezi ya shingo, ini na mapafu. Ya pili ni kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa chini ya ngozi karibu na bega, ambacho Michel Mirowski na wenzake walikiweka kwa mara ya kwanza ndani ya mwili wa binadamu huko Baltimore mwaka 1980. Watu wengi hukichanganya na betri ya moyo ya kawaida, ilhali betri ya kawaida humsaidia mwenye mapigo ya polepole, na kifaa hiki hulinda dhidi ya mapigo ya kasi: hukaa macho usiku na mchana, na kinapogundua mbio za hatari hutoa mshtuo wa umeme. Kinaokoa maisha, lakini hakiponyi kovu. Mgonjwa anayepigwa na mshtuo akiwa na fahamu zake husema ni kama kupigwa teke kifuani, na mwenye kile kinachoitwa dhoruba ya umeme, yaani mashambulizi matatu au zaidi ndani ya saa 24, huweza kufikia mahali pa kuogopa hata kulala.

Ngazi ya tatu ni kuunguza kovu kwa katheta. Daktari huingiza mrija mwembamba kupitia mshipa wa pajani hadi moyoni, katika utaratibu ambao hospitali za Tanzania hutangaza kuwa ni upasuaji wa tundu dogo, huchora ramani ya umeme ya ndani ya moyo kwa kompyuta, kisha huvichoma vichochoro vinavyolea mzunguko kwa joto linalozidi nyuzi 50 za Selsiasi. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na JKCI imekuwa ikijenga uwezo wa kuifanya, pamoja na mtambo wa kuchora ramani ya moyo katika pande tatu, jambo ambalo zamani lilimaanisha safari ya India. Hata hivyo, kuna makovu yasiyofikika: mengine yamejificha ndani kabisa ya ukuta mnene wa ventrikali, mengine yako upande wa nje wa moyo, na wagonjwa wengine ni dhaifu mno kuhimili saa tano au sita za usingizi wa dawa. Ni kwa ajili ya hao ndipo watu walipoanza kuuliza kama miale, ambayo haihitaji mlango wa kuingilia, ingeweza kufika pale ambapo mrija umeshindwa.

Jibu la kwanza lilitoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako mwaka 2012 mgonjwa mmoja alitibiwa kwa CyberKnife, mashine ndogo ya mionzi iliyofungwa kwenye mkono wa roboti. Kilichoushtua ulimwengu wa tiba, hata hivyo, ni ripoti iliyotolewa Desemba 2017 na kundi la Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, likiongozwa na daktari wa moyo Phillip Cuculich na mtaalamu wa mionzi Clifford Robinson. Wagonjwa walikuwa watano tu. Katika miezi mitatu kabla ya tiba, vifaa vilivyopandikizwa vifuani mwao vilirekodi jumla ya mashambulizi 6,577 ya takikadia. Katika wiki sita za kwanza baada ya mionzi, kipindi ambacho watafiti walikitenga kwa sababu moyo ulikuwa bado unatulia, yalirekodiwa 680. Baada ya hapo, katika miezi 46 ukijumlisha miezi ya wagonjwa wote, yalirekodiwa manne. Mgonjwa mmoja, aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wenzake, alifariki kwa kiharusi wiki tatu baada ya tiba, na ni haki msomaji alijue hilo pamoja na ile nambari ya manne.

Namna tiba hiyo ilivyofanyika inastahili kuelezwa kwa utulivu. Siku kadhaa kabla, mgonjwa alivalishwa fulana yenye vihisio 256 vinavyosoma umeme wa moyo juu ya ngozi ya kifua na mgongo. Kifaa chake cha kushtua moyo kilitumiwa kuanzisha takikadia kwa makusudi, chini ya uangalizi, ili kompyuta ione mzunguko unatokea wapi. Ramani hiyo ya umeme ililazwa juu ya picha za kovu zilizopigwa kwa mashine nyingine, na daktari wa moyo akachora kwa mkono eneo la kulengwa. Kutoka hapo kazi ilihamia kwa mtaalamu wa mionzi na mwanafizikia, ambao walilazimika kuhesabu mwendo wa aina mbili, ule wa moyo unaopiga na ule wa kifua kinachopanda na kushuka, kisha wakapanua eneo la kulengwa kwa kiasi cha kutosha kulifunika kovu lisipotee njiani, lakini si kwa kiasi cha kuligusa tumbo au umio. Siku yenyewe mgonjwa alilala macho kwenye mto maalumu unaobana mwili usitikisike, mkono wa mashine ukazunguka, na kwa wastani wa dakika 14 tiba ilikuwa imekwisha. Hakukatwa popote, hakulazwa usingizi, na katika chumba hicho hakuna alichokihisi.

Dozi iliyotolewa ilikuwa grei 25 kwa mkupuo mmoja. Grei ni kipimo cha mionzi iliyofyonzwa, na grei 1 ni jouli 1 ya nishati katika kila kilo ya tishu. Mgonjwa wa saratani ya titi hupewa jumla ya grei 40 hadi 50, lakini hugawiwa kidogokidogo kwa wiki tatu hadi tano ili seli zenye afya zipate nafasi ya kujirekebisha. Kumpa mtu grei 25 kwa mara moja moyoni ni uamuzi mzito. Ajabu iliyomo humo ni ya kifizikia: nishati hiyo yote, ikigeuzwa kuwa joto, haitoshi kuipasha tishu hata sehemu moja ya mia ya nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hiyo miale haichomi kama katheta inavyochoma, bali huvunja na kubadilisha vitu vidogo ndani ya seli, hasa vinasaba.

Hapo ndipo penye fumbo ambalo pengine ni sehemu tamu kuliko zote katika habari hii. Watafiti walidhani mwanzoni kwamba mionzi ingelikausha kovu na kuviua vichochoro vyake, yaani ingefanya kazi ileile ya katheta kwa njia nyingine. Lakini mionzi huchukua miezi mingi kuzalisha kovu jipya, na wagonjwa walikuwa wakipata nafuu ndani ya siku na wiki. Mwaka 2021 kundi hilohilo la St. Louis lilichapisha uchunguzi wa tishu za binadamu na za panya, ulioonyesha kwamba katika sehemu zilizopigwa na mionzi umeme ulikuwa ukisafiri kwa kasi zaidi, si polepole zaidi, na kwamba milango ya sodiamu iliyo kwenye kuta za seli, ambayo ndiyo hulisukuma wimbi la umeme mbele, ilikuwa imeongezeka. Mionzi ilionekana kuamsha njia ya mawasiliano ya seli iitwayo Notch, ambayo hufanya kazi wakati moyo unapoumbwa tumboni mwa mama na kisha hulala. Kichochoro kilichokuwa kikichelewesha wimbi kinarudi kuwa mtaa wa kawaida, na mzunguko unakosa mahali pa kusimama. Kama maelezo hayo yatathibitika kwa ukamilifu, basi dozi iliyo ndogo kuliko grei 25 huenda ikatosha, na hofu nyingi za sasa zitapungua.

Hofu hizo si za kubuni. Katika jaribio lililofuata la kundi hilo, lililochapishwa mwaka 2019, wagonjwa walikuwa 19. Mashambulizi yalipungua kwa 17 kati ya 18 waliopimwa, lakini asilimia 72 tu ya wagonjwa ndio waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja, wengi wa waliofariki wakiwa watu ambao moyo wao ulikuwa umechoka tangu mwanzo. Wengine walipata uvimbe wa mapafu uliosababishwa na mionzi, wengine maji kuuzunguka moyo, na mmoja, zaidi ya miaka miwili baada ya tiba, alipata tundu lililounganisha tumbo na utando wa moyo. Ndiyo maana tiba hii imebaki kuwa ya majaribio, inayotolewa kwa walioshindikana kwa dawa na kwa katheta. Nchi za Ulaya zimeunganisha takwimu zao katika mradi mmoja uitwao STOPSTORM, na Marekani limeanzishwa jaribio la kuilinganisha mionzi na katheta kwa kura. Anayeisikia leo kama tiba ya miujiza ya dakika kumi na nne ameisikia nusu tu.

Je, Dar es Salaam imesimama wapi? Upande wa mashine, hali si ya kukatisha tamaa. Ocean Road, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea mashine za kobalti-60, ina mashine za LINAC, ambazo huchapua elektroni na kuzigonganisha na metali ili kupata miale mikali inayoweza kufinyangwa kufuata umbo la uvimbe. Nairobi, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilipata CyberKnife mwaka 2023, mashine ya ukoo uleule uliotumika Stanford. Kwa hiyo mtu akiuliza kama chuma chenyewe kinapatikana Afrika Mashariki, jibu ni ndiyo, na hapo ndipo wapenda ununuzi wa mitambo wanapoweza kupotea, kwani mashine ni kipande cha mwisho cha mnyororo mrefu.

Kipande kinachotangulia ni kovu lenyewe, na makovu ya mioyo ya hapa si ya St. Louis. Utafiti uliofanywa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, ukiwahusu wagonjwa 427 wenye moyo kushindwa kufanya kazi, ulionyesha kwamba shinikizo la damu ndilo lililokuwa chanzo kwa asilimia 45 yao, na ugonjwa wa mishipa inayoulisha moyo, ambao ndio mama wa makovu mengi huko Marekani na Ulaya, ulihusika kwa asilimia 9 tu. Wengine walikuwa na moyo uliotanuka au vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na Uganda kuna ugonjwa wa kukakamaa kwa utando wa ndani wa moyo, ulioelezwa na J. N. P. Davies huko Mulago mwaka 1948. Kovu la mshipa ulioziba huwa na mipaka inayochoreka. Madhara ya presha ya miaka ishirini, au ya moyo uliotanuka baada ya uzazi, mara nyingi husambaa kama vidoadoa katika ukuta mzima, na huwezi kulenga kitu ambacho hakina kingo. Tiba iliyopimwa kwa wagonjwa wa nchi nyingine haiwezi kuhamishwa nzimanzima. Itabidi ipimwe upya kwa makovu ya hapa, na wanaopaswa kuyapima ni madaktari wa hapa.

Kipande kingine, kilicho cha msingi zaidi, ni kumbukumbu. Ile hesabu ya 6,577 iliwezekana kwa sababu kila mgonjwa alikuwa na kifaa kifuani kinachoandika kila shambulizi. Kifaa hicho hugharimu mamilioni ya shilingi, na mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo, anayeishi kwa mauzo ya siku na asiye na bima, hawezi kukifikiria. Bila kifaa, hakuna anayejua takikadia ilitokea mara ngapi. Bila kujua hivyo, hakuna wa kupelekwa kuchorewa ramani. Na bila ramani, mtaalamu wa Ocean Road hana pa kuelekeza miale. Kuna wagonjwa ambao wameanguka mara tatu au nne, wakatibiwa kifafa au wakaambiwa wana majini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuwapima umeme wa moyo.

Kipimo hicho, ambacho watu hukiita ECG, ni cha bei nafuu, huchukua dakika chache na hupatikana katika hospitali za wilaya na nyingi za binafsi za mjini, ingawa kikipimwa baada ya mbio kusimama kinaweza kuonekana cha kawaida. Anayezimia ghafla, hasa akiwa kazini au akibeba mzigo, au anayehisi moyo ukimwenda mbio kisha macho yakaingia giza, na zaidi kama katika ukoo wake yupo aliyefariki ghafla angali kijana, hapaswi kuridhika na dawa ya presha peke yake. Aombe ECG, ikiwezekana dalili zikiwa bado zipo, aulizie pia kipimo cha eko cha kuangalia msuli na vali, na ile karatasi ya mistari anayopewa aitunze pamoja na cheti chake cha kliniki, kwa kuwa daktari wa moyo atakayemwona Upanga ataanza kwa kuiomba.